Uyoga wa Kichuguu cha Baba Mkwe

Kwanza niweke wazi jambo moja: niliuliza. Wengi waliokuja kunitazama nilipokuwa naumwa walikuja na ile sura ya kunihurumia huku wananishangaa, utadhani niliokota kitu porini nikakitia mdomoni. Sivyo. Niliushika uyoga ule, nikaugeuza, nikauliza maswali ya maana kwa mtu niliyeamini anajua, na nikajibiwa. Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa na mgonjwa wa aina yangu ndani, au ukiwa mwenyewe kitandani na macho ya njano, usianze kwa kujilaumu. Mimi nilijilaumu miezi mizima, na ilikuwa kazi bure.

Naitwa Minza. Nimezaliwa Lamadi, kando ya ziwa, na mama yangu anakausha na kuuza samaki mpaka leo. Niliolewa Mwandoya, kwa wafugaji na wakulima wa pamba, na huko nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka. Mtoto wa Lamadi anajua samaki. Niletee sato, nifunue shavu, nitakuambia katoka majini lini. Uyoga siujui. Kwetu tulikuwa tunauona na kuupita.

Ukoo wa mume wangu, Masunga, unajulikana Mwandoya nzima kwa uyoga. Nyuma ya boma la marehemu baba yake kuna kichuguu kikubwa, na mvua za kwanza zikinyesha, watu wakiwa wanapanda pamba, kichuguu kile kinatoa uyoga mtamu kuliko nyama. Baba mkwe sikumkuta hai, lakini sheria yake niliikuta: uyoga wa kichuguu haung'olewi. Unaushika shingoni, unauzungusha taratibu mpaka unakatika, na mzizi unauacha ardhini. Ukiung'oa na mzizi wake, wanasema, kichuguu kinafunga na mwakani hampati kitu. Watoto wa boma lile wanafundishwa hivyo kabla hawajajua kuchunga ndama.

Aliyerithi kazi ya kuchuma ni Kabula, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi yangu. Nataka mjue jinsi nilivyompenda, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Nilipojifungua binti yangu Ng'washi, mama alikuwa mbali, na Kabula ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Nilipokuja Mwandoya sijui hata kushika jembe la palizi, watu walinicheka, yeye akanifundisha bila kunicheka sana. Alinicheka kidogo tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Masunga alikuwa amekwenda Bariadi kufuatilia mbegu na dawa za pamba. Mchana nilikula sato wa kukaushwa ambaye mama alinitumia kwa basi. Nilikula peke yangu kwa sababu Ng'washi, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akiogopa miba. Alasiri Kabula akaingia na kikapu.

"Mwadila, wifi!" alinisalimia kwa Kisukuma toka nje. "Leo nimekuletea mboga ya wakwe zako."

Nilichukua uyoga mmoja nikautazama. Juu ulikuwa mweupe wenye rangi ya kijani kwa mbali, chini una mikunjo myeupe, safi. Shingoni ulikuwa na ngozi nyembamba imening'inia kuzunguka shina.

"Wifi, mbona huu una sketi?"

"Ee Minza! Sasa unakagua uyoga kama samaki?"

"Wa mwaka jana ulikuwa na ncha juu. Tena haukuwa na sketi."

"Mwaka jana mvua ilikuwa ya kuhesabu. Mwaka huu imenyesha, umenenepa."

"Na mzizi wake ukoje?"

Hapo alicheka akapiga mapaja. "Mzizi uko ardhini, unapotakiwa uwe. Au unataka ufunge kichuguu cha baba?"

Nikaona aibu. Mwanamke wa kuja, miaka sita kwenye ukoo, namfundisha uyoga mtoto wa mwenye kichuguu! Nikacheka naye, yakaisha.

Alipika yeye, kwa karanga, kwenye jiko langu. Akatumbukiza punje nzima ya kitunguu saumu, akaitoa baadaye kwa kijiko akaitazama. Nikamuuliza ya nini. Akasema ndivyo wanavyofanya, kikibaki cheupe chakula ni salama. Kilibaki cheupe. Akaniwekea na ugali, akasema yeye ameshiba, kala kwake. Kisha akamshika Ng'washi mkono. "Huyu leo akalale kwangu, akacheze na wenzake." Nikashukuru, maana nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia.

Uyoga ulikuwa mtamu. Hilo liliniuma sana baadaye. Nilirudia kukomba bakuli.

Alfajiri tumbo likanikata. Sitaeleza kila kitu, walioharisha na kutapika kwa pamoja wanajua na ambao hawajui wasijue. Jirani alimwita Kabula, akaja mbio, akanipakia kwenye pikipiki mwenyewe akiwa nyuma yangu amenishika kiunoni nisianguke. Zahanati muuguzi akauliza, "Umekula nini jana?"

"Mchana nilikula samaki," nikasema, "na jioni..." Nikatapika tena.

Kabula akamalizia. "Ni samaki huyo huyo. Mama yake kamtumia kutoka Lamadi."

Muuguzi akaandika. Nilisikia, sikuwa na nguvu ya kuongeza neno. Halafu, na hili nalikiri, baada ya saa chache hata mimi niliamini. Uyoga ulikuwa wa Kabula, umetoka kwenye kichuguu cha ukoo. Samaki alikuwa amekaa ndani ya basi kutwa nzima. Masunga aliporudi nikamwambia ampigie mama amwonye asiuze mzigo ule. Alimpigia mbele yangu, akaweka sauti ya nje.

"Samaki wangu?" mama akasema. "Wamemuua mwanangu?"

"Hajafa, mama," Masunga akamjibu.

Nilitundikiwa chupa ya kwanza Jumatano asubuhi, na ya tano Alhamisi mchana. Miguu ilikakamaa mpaka Masunga akawa anaikanda kwa ngumi. Alhamisi jioni kila kitu kikakatika ghafla. Tumbo likatulia, nikasikia njaa. Ijumaa asubuhi nikaomba kutoka. Muuguzi alitaka nibaki siku moja zaidi, nikakataa, kwaya inasubiri sare. Kama unaumwa kwa chakula na unajisikia umepona ghafla siku ya tatu, tafadhali, baki. Mwili wangu ulinidanganya kabla watu hawajamaliza kunidanganya.

Nyumbani Masunga alinikorogea uji, nikanywa kikombe kizima akinitazama. Kabula akaja na maziwa, akakaa chini mkekani, akalia. Nikamfuta machozi mimi, mgonjwa. Jumamosi nilishona kola nne.

Jumapili nilikuwa nafunga kitambaa niende kanisani, jirani akaniita dirishani akaniambia nigeukie mwanga. "Minza, macho yako." Nikachukua kioo. Yalikuwa ya njano kabisa. Mkojo tangu Jumamosi ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, nikadhani ni dawa. Nilipoinama kuvaa viatu pua ikaanza kutoka damu na haikukata mpaka tunaingia Bariadi.

Kuna benchi la mbao pale hospitali tuliposubiri, la kijivu, limeng'aa kwa kukaliwa. Nilikaa nimebana kanga puani. Kando yangu palikuwa na mama mmoja wa makamo, amekuja na mumewe mwenye kikohozi, akaniuliza nimetokea wapi, nikamwambia. Hakuuliza zaidi. Alitoa kanga ya pili kwenye mfuko wake, mpya, bado ina gundi ya dukani, akaniwekea mapajani kwa sababu ya kwangu ilikuwa imelowa. Walipoitwa aliondoka bila kuidai. Mpaka leo simjui jina.

Daktari alikuwa binti mdogo, mdogo kuliko mimi. Alinibonyeza chini ya mbavu, akakunja uso.

"Dada, wiki hii umekula nini kisicho cha kawaida?"

"Samaki," nikasema.

"Samaki tu? Hukunywa dawa za kienyeji? Hukula kitu cha porini?"

Nilikuwa nimeshaanza kuchanganyikiwa, maneno yanakuja nusu nusu. Nikamgeukia Masunga anisaidie. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Samaki tu," akasema.

Nikalazwa. Jumatatu asubuhi, wakati wananitoa damu tena, nilimwona mlangoni anaongea na daktari, amevua kofia anaizungusha mikononi. Daktari akaja mbio kitandani. "Umekula uyoga Jumanne?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza chini ya shina ulikuwaje. Nikamwambia sijui, kwetu hatung'oi. Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha nyingine.

Akataka picha. Masunga akapiga simu Mwandoya, watu wakaenda kichuguuni. Uyoga wa aina ile ulikuwa bado upo, umeota pembeni, chini ya miti ya kupandwa iliyo jirani, wala haukuwa juu ya kichuguu chenyewe. Wakachimba na jembe. Picha ilipofika daktari alinionyesha kwenye simu. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu, mwembamba, unaozama ndani kama mkia. Huu haukuwa na mkia. Shina lake liliishia kwenye kifuko cheupe kilichopasuka, mfano wa ganda la yai, kimezikwa kwenye udongo.

"Hiki ndicho ungekiona," daktari akasema, "kama mngeung'oa."

Miaka yote ile ukoo mzima ulikuwa unaacha ardhini kitu kimoja ambacho kingewaambia. Heshima kwa marehemu iliwafunga macho, na walikuwa na bahati tu kwamba ile miti ya kupandwa, ambayo uyoga huu hufuata mizizi yake, ilikuwa haijakua.

Siku hiyo hiyo nilipakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Mwanza. Barabara inapita Lamadi, na mama alikuwa amesimama kando ya lami na mfuko wake, gari likapunguza mwendo akapanda. Alikuwa amekonda kwa siku tano. Alinishika mguu akaanza kusema, "Mwanangu, wale samaki niliwakausha mwenyewe, nakuapia..." Muuguzi aliyekuwa nasi akamkatiza kwa upole. "Mayu, mama yangu, ni uyoga. Samaki wako hawana kosa." Mama alifunika uso akalia kwa sauti. Baadaye aliniambia alilia kwa sababu alisikia furaha, na aliona aibu kufurahi mbele yangu nikiwa katika hali ile. Wanunuzi wake wawili walikuwa wameshamhama, maneno yalifika Lamadi kabla ya gari.

Mwanza nilikaa mpaka pamba ilipofikia palizi ya kwanza. Siku zangu nilizihesabu kwa damu: kila asubuhi sindano, kila jioni majibu, namba ya ini imepanda, imesimama, imeshuka. Siku nne za mwanzo sizikumbuki, mama anasema nilikuwa nawaita watu waliokufa. Kisha ukaja muwasho. Hakuna aliyeniambia kwamba ini likiumwa ngozi inawasha mpaka unataka kuivua. Kitanda cha pili alikuwepo bibi mmoja wa Ukerewe, mwanawe alimletea mahindi ya kuchoma, akala akabakiza gunzi. Akanikuna nalo mgongoni asubuhi na jioni, huku ananisimulia habari za majirani zake nisiowajua, na sijawahi kusikia raha kama ile. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye kitana. Harufu ya karanga ilinitapisha, na inanitapisha mpaka sasa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari wa zamu alimpa Masunga mkono. "Mzee, mke wako umemwokoa wewe. Usingesema kuhusu uyoga, tungekuwa tunabahatisha." Masunga akainamisha kichwa. Niliona ni unyenyekevu.

Yeye ndiye aliyenieleza, tukiwa njiani kurudi, kwamba Kabula alikuwa amesahau habari ya uyoga kwa sababu ya hofu, na alipokumbuka Jumatatu alimpigia simu. Nikakubali. Nilitaka kukubali, nilikuwa nimechoka. Kabula mwenyewe alikuja akapiga magoti, akasema alikosea kutambua, anisamehe. Nikamwinua. Mtu anaweza kukosea uyoga.

Palizi ya pili nikapata nguvu ya kwenda kanisani. Nilimshonea Masunga shati la kitenge kwa mikono inayotetemeka, mshono wa pembeni umeenda upande, nikasimama mbele ya watu nikasema Mungu alimtumia mume wangu kunirudishia uhai. Nikamvisha lile shati pale pale. Kwaya ikaimba, ndani ya sare zilizomaliziwa na fundi mwingine. Watu walilia. Masunga naye alilia, na mimi nikasema moyoni, nimeolewa na mtu.

Ulipofika wakati wa kuchuma pamba nilikuwa nakwenda kliniki Bariadi mara moja kwa mwezi. Siku moja nilikuwa napika mchicha, Ng'washi akachungulia chunguni akauliza kama ni uyoga. Nikamwambia hapana, hatupiki tena uyoga. Akasema, "Shangazi alisema nisile, utaniumiza tumbo."

"Alisema lini?"

"Siku ile nilipokwenda kwake kulala."

Nilizima moto. Nilitembea mpaka shambani kwa Kabula, mimi ambaye mwezi mzima nilikuwa nikienda dukani napumzika mara mbili. Nilimkuta amekaa kwenye turubai anachambua pamba, ya daraja la kwanza huku, chafu huku.

"Ulimtoa mtoto," nikamwambia.

Hakuuliza mtoto gani. Aliweka pamba chini.

"Ulijua, Kabula. Ukatia na kitunguu saumu. Mtu asiye na shaka anapima cha nini?"

"Sikujua, wifi. Nilikuwa na wasiwasi tu. Mmoja ulikatikia chini, nikaona kama kifuko. Nikautupa huo mmoja." Alianza kulia. "Nilishapita sokoni na kikapu, watu wameniona, wananiita mama uyoga. Nirudi nikamwage? Nikasema ukiiva kwa moto mkali utakuwa salama. Ila mtoto nikaogopa."

"Mimi hukuniogopea."

Aliokota tena pamba aliyoiweka chini. Nami sikuwa na haraka, nilisimama pale nikimtazama. Ndipo alipokasirika, kama watu wanavyokasirika wakibanwa, akasema neno ambalo nadhani hakulipanga.

"Lakini mimi nilisema! Ile Ijumaa ulipotoka zahanati, nilikuja na maziwa, nikamwita mume wako zizini nikamwambia yote. Yote, wifi. Nikamwambia akurudishe. Akasema ninyamaze, umeshapona, tukisema sasa tutaitwa wachawi, ukoo mzima utaaibika. Muulize mwenyewe."

Ijumaa. Nilihesabu kwa vidole pale pale kwenye turubai. Ijumaa, Jumamosi nikishona kola, Jumapili natoka damu puani na yeye ananiendesha Bariadi kimya. Jumapili mbele ya daktari: samaki tu. Na mama yangu siku zote hizo anaitwa muuza sumu.

Nilimsubiri Masunga mezani. Alipoingia nilimuuliza kama alijua tangu Ijumaa. Hakukana, namshukuru kwa hilo peke yake.

"Ulikuwa umekunywa uji," akasema.

"Na Jumapili?"

"Jumapili niliogopa. Ningesema nilijua tangu Ijumaa, wangeniuliza nilikuwa nangoja nini." Akakaa. "Minza, si nilisema Jumatatu? Si uko hai?"

Niko hai. Ini langu limepona kiasi, wanasema litaendelea kupona, kliniki sasa ni kila baada ya miezi mitatu. Mvua za kwanza zimenyesha tena, nazisikiliza nikiwa Lamadi, kwenye chumba cha mama, na cherehani yangu iko nje ya kibanda chake cha samaki. Masunga anakuja Jumamosi kumwona binti yake. Mama anampa kiti. Wazee wa pande zote mbili wameshakaa wakasema yaishe, na wakaniomba nisiyatoe nje. Sijaamua kuhusu ndoa. Nimeamua kuhusu kutoa nje.

Ninyi mtakaokuwa kwenye benchi na mgonjwa wenu, sikilizeni. Uyoga ambao hukuuona mpaka chini ya shina huujui, hata uwe umeota kwenye kaburi la babu yako. Kitunguu saumu hakijui chochote. Na kama wewe ndiye uliyempikia, au wewe ndiye uliyeambiwa, ingia kwa daktari useme sasa hivi, kabla hujafikiria watakuonaje. Mgonjwa wako hana siku tatu za kukungojea umalize kuona aibu.

Bado kuna moja. Kanisani Mwandoya nilisimama mbele ya watu, nikamshukuru Masunga kwa kuniokoa, na watu wale mpaka leo wanasimulia hivyo. Shukrani ile naifuta.